Waliolipia Utulivu wa Bonde la Kickapoo

Mto Kickapoo, kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, unapinda na kujirudia kiasi kwamba urefu wake wa takriban kilomita 200 ni zaidi ya mara mbili ya umbali ulionyooka kutoka chanzo chake karibu na Wilton hadi unapomwaga maji katika Mto Wisconsin huko Wauzeka. Barabara za bonde hilo zimeiga tabia ya mto. Ni nyembamba, zina lami, zinapanda vigongo vikali na kushuka ghafla hadi kwenye madaraja madogo, na magari yanayopita huko ni ya kuhesabu. Kwa anayependa kuendesha baiskeli barabarani, hii ni neema ambayo nchi yenye magari mengi kama Marekani imebakiwa nayo mahali pachache. Juu ya hayo, bonde lina njia mbili ambazo magari hayapiti kabisa. Ya kwanza ni tuta la reli ya zamani kati ya miji ya Elroy na Sparta, lililogeuzwa njia ya baiskeli. Ya pili ni kipande cha barabara kuu ya zamani namba 131, kaskazini mwa kijiji cha La Farge, ambacho magari yameondolewa na lami yake kuachiwa watembea kwa miguu, wapanda farasi na waendesha baiskeli. Wageni wengi huuchukulia utulivu wa huko kuwa sehemu ya maumbile, sawa na miamba na misitu. Mimi nasema utulivu huo ulitengenezwa. Ulitokana na maamuzi ya serikali na ya soko katika muda wa zaidi ya miaka mia moja, na gharama yake ilibebwa na watu ambao kwa sehemu kubwa si wale wanaoufaidi leo. Anayeielewa historia hiyo ataziona barabara zenyewe kwa jicho jingine, na atajua pia ni nini kinachoweza kuziua.

Kuna anayeweza kupinga kwamba jibu liko kwenye jiolojia, na hana kosa lote. Barafu kuu za zama zilizopita, zilizosawazisha sehemu kubwa ya kaskazini ya Marekani, zililizunguka eneo hili bila kulifunika. Ndiyo maana pana mabonde yenye kina, kuta za mawe ya mchanga na vigongo vyembamba, katika jimbo ambalo sehemu zake nyingine nyingi ni tambarare. Vilima hivyo vinaeleza kwa nini barabara zimepinda, kwa nini mashamba ni madogo, na kwa nini hakuna mji mkubwa uliokua humo. Lakini vilima havitandazi lami. Duniani kuna mabonde mengi yenye vilima vizuri kuliko hivi, ambayo barabara zake ni za udongo, zenye makorongo wakati wa mvua na vumbi wakati wa kiangazi, na hakuna mwenye baiskeli ya matairi membamba anayethubutu kuzipita. Jiolojia ilitoa umbo tu. Kilichobaki, yaani lami nzuri mahali pasipo na watu wengi, lazima kielezwe kwa njia nyingine, na maelezo yake yanaanzia kwenye maziwa.

Katikati ya karne ya 19 Wisconsin ilikuwa nchi ya ngano. Kulima ngano mwaka baada ya mwaka kulichosha udongo, wadudu wakaharibu mavuno, na mashamba mapya ya magharibi yakashusha bei. Wakulima wakageukia ng'ombe. Mwaka 1872 William Dempster Hoard na wenzake walianzisha chama cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa cha jimbo, na Hoard mwenyewe, aliyekuwa mhariri wa gazeti, akaja kuwa gavana mwaka 1889. Mwaka uliofuata Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alitangaza kipimo chake cha mafuta ya maziwa, kilichomwezesha mnunuzi kumlipa mkulima kwa ubora wa maziwa badala ya ujazo tu, na kumaliza ugomvi juu ya nani katia maji. Bonde la Kickapoo lilifaa kazi hii. Miteremko isiyoweza kulimwa iliweza kulisha ng'ombe, na chemchemi baridi zilipoza maziwa kabla ya kuwapo kwa umeme. Tatizo lilikuwa muda. Ngano inaweza kungoja ghalani hadi barabara ikauke, maziwa hayangoji. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, kila siku ya mwaka, na maziwa yasiyofika kiwandani mapema huchacha. Kwa hiyo viwanda vidogo vya jibini viliota karibu kila njia panda, na kufikia miaka ya 1920 jimbo zima lilikuwa na zaidi ya 2,000. Kila kimoja kilitegemea mashamba ambayo gari la farasi liliweza kuyafikia na kurudi asubuhi moja, madebe ya chuma yakigongana nyuma ya dereva.

Malori yalipochukua nafasi ya farasi, barabara ya shamba la mwisho kabisa kwenye bonde la mwisho kabisa ikawa jambo la uchumi wa jimbo. Lori lilipaswa kupita kila siku, matope ya masika au theluji ya Januari, kwa sababu siku moja ya kukosa ilikuwa mapato ya siku nzima kumwagwa. Katiba ya Wisconsin ilikuwa imelikataza jimbo kugharamia ujenzi wa aina hiyo, ikarekebishwa mwaka 1908 ili kuruhusu barabara, na mwaka 1911 ikaundwa tume ya barabara kuu. Mwaka 1918 Wisconsin ikawa jimbo la kwanza kuziwekea barabara zake kuu namba zilizoandikwa kwenye vibao, mfumo ambao nchi nzima iliuiga baadaye. Chini ya barabara kuu kulikuwa na mtandao mkubwa zaidi wa barabara za kata, zinazotunzwa na mabaraza madogo ya wakulima wenyewe kwa kodi ya ardhi na ruzuku ya jimbo. Hadi leo barabara za ngazi hiyo ndizo zilizo nyingi kuliko zote jimboni, zaidi ya kilomita 90,000. Lami iliyotandazwa kwenye kona ambayo ina mashamba matatu tu haikuwekwa kwa ajili ya uzuri wa kona hiyo. Iliwekwa kwa ajili ya madebe ya maziwa, na waliolipia wengi wao walikuwa wafugaji wale wale.

Hapa wapenzi wa baiskeli wana pingamizi la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa uzito wake. Harakati za kudai barabara bora nchini Marekani hazikuanzishwa na wakulima wala wenye magari. Zilianzishwa na waendesha baiskeli. Chama chao cha kitaifa, League of American Wheelmen, kiliundwa mwaka 1880, na kufikia miaka ya 1890 kilikuwa na jarida maalumu la kupigania barabara. Mwenyekiti wa kamati yake ya kuboresha barabara mwishoni mwa muongo huo alikuwa Otto Dorner, wa Milwaukee, humo humo Wisconsin, na kijitabu chake kuhusu mkulima na gharama za barabara kilisambazwa sana. Dorner alielewa mahali ambapo hoja ilikuwa imekwama. Wakulima walishuku kwamba watu wa mjini wanataka kutandaziwa njia za matembezi ya Jumapili kwa kodi ya mashamba, na shaka hiyo haikuwa ya kipumbavu, kwa kuwa chini ya utaratibu wa zamani barabara za mashambani zilikuwa mzigo wa wanaoishi kando yake. Aliwajibu kwa kusema kwamba miji na jimbo vichangie. Kwa hiyo ni kweli kwamba baiskeli ilileta wazo. Lakini wazo lilichelewa kupata fedha hadi lilipokutana na masilahi ya wakulima wenyewe: barua zilizoanza kupelekwa hadi nyumbani mashambani kuanzia 1896, kwa sharti kwamba mpeleka barua aweze kupita, kisha lori la maziwa. Mwenye baiskeli anaweza kujivunia kwamba mababu zake waliisema hoja mapema. Hawezi kudai kwamba wao ndio walioilipia.

Reli ina simulizi fupi zaidi. Kampuni ya Chicago and North Western ilijenga kipande cha Elroy hadi Sparta kati ya 1870 na 1873, na kwa kuwa treni haiwezi kupanda kigongo kama barabara, wajenzi walitoboa mahandaki matatu. La tatu, karibu na Norwalk, lina urefu wa futi 3,810, zaidi ya kilomita moja, na lilichimbwa kwa nyundo, patasi na baruti kupitia mwamba unaovuja maji. Mdomoni mwake kuna milango miwili mikubwa ya mbao. Wakati wa majira ya baridi ilifungwa ili maji yanayodondoka yasigande na kuyeyuka kila mara na kuupasua mwamba, na mlinzi aliyekaa kwenye kibanda jirani aliifungua kila treni ilipokaribia na kuifunga ilipopita. Kazi ya mtu huyo, usiku na mchana wa baridi kali, ndiyo iliyolinda handaki ambalo mwendesha baiskeli wa leo hulipita akishuka na kusukuma, taa mkononi. Treni ya abiria ilikoma mwaka 1953, ya mizigo mwaka 1964, na mwaka 1965 jimbo likainunua njia ili iwe ya baiskeli. Inatajwa kwa kawaida kuwa ya kwanza ya aina yake nchini, nayo ina takriban maili 32. Wahandisi wa treni waliuweka mwinuko wake uwe mpole, kwa hiyo hata mtoto anaweza kuvuka eneo la vilima bila kutokwa na jasho jingi. Lakini miji midogo ya Kendall, Wilton na Norwalk, iliyokuwepo kwa sababu ya kituo cha treni, ilipoteza mishahara na usafirishaji wa mazao kabla ya kupata wageni wa kiangazi. Wahenga walisema kufa kufaana, na ndivyo ilivyokuwa. Tofauti ni kwamba aliyefaidika hapa alifika miaka kadhaa baada ya mazishi.

Uzito wote wa hoja yangu, hata hivyo, uko La Farge. Mafuriko yalikuwa yamelipiga bonde mara nyingi, na yale ya mwaka 1935 yalikuwa mabaya kiasi kwamba wakazi walianza kuiomba serikali kuu msaada. Hili ni muhimu kulisema wazi, kwa sababu simulizi za mabwawa mara nyingi huwaonyesha wanakijiji kama watu waliovamiwa na mpango wa wageni. Katika Kickapoo wengi waliutaka mpango huo, wakaungoja kwa miaka karibu thelathini. Mwaka 1962 Kongresi iliidhinisha bwawa juu kidogo ya La Farge, kazi ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi. Njiani mpango ulikua. Kuzuia mafuriko peke yake hakukutosha kuhalalisha gharama kwenye hesabu, hivyo faida za utalii zikaongezwa: ziwa kubwa lenye boti, uvuvi na fukwe, ambalo lingeleta wageni na fedha. Ununuzi wa ardhi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Familia zipatazo 140 za wakulima ziliondoka, baadhi kwa kukubali bei, nyingine kwa sababu sheria ya utwaaji wa ardhi haikuwaachia njia nyingine. Ng'ombe wakauzwa, majengo yakaondolewa. Ekari 8,569 zikawa mali ya serikali kuu, na shule na halmashauri za pale zikapoteza kodi ya ardhi ya mashamba hayo yote kwa mkupuo mmoja.

Ujenzi ulianza mwaka 1971. Lakini mwaka mmoja kabla, sheria mpya ya taifa kuhusu mazingira ilikuwa imeanza kuitaka miradi ya serikali kuu ieleze kwa maandishi athari zake, na sasa maswali ambayo zamani hayakuwa na mlango wa kuingilia yakapata mlango. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin waliochunguza mpango huo walionyesha kwamba samadi na mbolea kutoka mashamba ya juu vingeingia ziwani na kulijaza mwani, kiasi kwamba utalii uliotumika kuhalalisha bwawa usingekuwepo. Kwenye kuta baridi za mawe ya mchanga kando ya mto kulikuwa pia na mimea adimu, ukiwemo mmea wa maua ya samawati, Aconitum noveboracense, ambao mwaka 1978 uliingizwa kwenye orodha ya taifa ya mimea iliyo hatarini. Wanamazingira wakaenda mahakamani. Gharama zikapanda. Mwaka 1975 gavana Patrick Lucey na maseneta wanaoliwakilisha jimbo katika Kongresi, akiwemo Gaylord Nelson, mwanzilishi wa Siku ya Dunia, wakaondoa mkono wao, na kazi ikasimama. Ilisimama katikati. Mnara wa zege wa kuchukulia maji, wenye kimo cha zaidi ya futi 100, ulikuwa umekwisha. Tuta la udongo lilikuwa limejengwa likaacha pengo, na mto unapita kwenye pengo hilo hadi leo kana kwamba hakuna kilichowahi kupangwa.

Kilichofuata ni miaka zaidi ya ishirini ya ardhi isiyo na mwenyewe wa kuitunza. Serikali kuu haikuwa na fedha za kumalizia bwawa wala sheria ya kurudisha ardhi. Barabara namba 131, iliyokuwa ihamishiwe juu ili isimezwe na ziwa, ilibaki bila kuhamishwa kikamilifu, na wakazi wakaendelea kupita kwenye barabara ambayo hakuna aliyetaka kuifanyia matengenezo makubwa kwa kuwa kwenye ramani ilikwisha kuzama. Mashamba yakarudi vichaka, vichaka vikarudi msitu. Anayepita hapo sasa kwa baiskeli anaweza kuona mahali nyumba ilipokuwa kwa kuangalia maua ya bustani yanayoendelea kuchanua mwituni na miti iliyopandwa kwa mstari kukinga upepo. Mwaka 1996 Kongresi hatimaye ilipitisha sheria ya kuikabidhi ardhi hiyo kwa jimbo, na sehemu yake kwa Wa-Ho-Chunk, taifa la wenyeji wa asili wa eneo hilo. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyowezesha barabara mpya ya 131 kumaliziwa. Makabidhiano yalifanyika mwishoni mwa mwaka 2000, na magari yalipohamia barabara mpya, kipande cha ile ya zamani kikabaki na lami yake, kona zake na mto wake, bila gari. Kwa maneno mengine, mojawapo ya njia tulivu kuliko zote katika bonde ipo kwa sababu kuna ziwa lililoidhinishwa, likafukuza watu, kisha halikuja.

Najua jibu ambalo msomaji mwenye moyo wa kiutendaji atalitoa: familia zile zililipwa fidia, na matokeo ni hifadhi nzuri inayofikiwa na watu wote, basi tatizo liko wapi? Fidia kweli ililipwa, lakini ililipwa kwa ajili ya kitu ambacho hakikutokea. Mkulima aliyeambiwa kwamba shamba la babu yake lazima lizame ili kijiji cha chini kiwe salama aliombwa kujitoa kwa ajili ya jirani. Bwawa lilipoachwa, kujitoa huko kulipoteza sababu yake, na hakuna malipo yaliyowahi kuhesabiwa kwa hasara ya aina hiyo. Wala hasara haikuwa ya familia hizo peke yake. Mashamba 140 ni wateja wa duka la pembejeo, watoto wa shule, wanachama wa kanisa, malori ya maziwa. Kijiji chenye watu wasiofika elfu moja hakiwezi kupoteza idadi hiyo kikabaki vile vile. Sisemi kwamba bwawa lingepaswa kumalizwa. Ushahidi juu ya ubora wa maji ulikuwa na nguvu, na ziwa lililojaa mwani lingekuwa hasara ya pili juu ya ya kwanza. Nasema tu kwamba uamuzi unaweza kuwa sahihi na bado ukaacha deni.

Pingamizi jingine ni zito zaidi, nalo hutoka kwa wakazi wa chini ya mto. Wao husema: mwanamazingira na mwenye baiskeli walipata bonde lao, sisi tulipata mafuriko. Mwaka 1978 maji yaliuharibu mji wa Soldiers Grove kiasi kwamba uliihamisha sehemu yake ya biashara hadi ardhi ya juu, na kwa kanuni ya mji majengo mapya yakatakiwa kupata angalau nusu ya joto lake kutoka kwenye jua. Gays Mills ilizama mwaka 2007, ikazama tena mwaka 2008 kabla haijajikausha. Mwaka 2018 mto ulivunja rekodi zake katika sehemu kadhaa. Huwezi kuwaambia watu hawa kwamba mmea adimu umetosha kuwa faraja yao. Lakini jibu la bwawa si rahisi kama linavyoonekana. Katika mafuriko hayo ya Agosti 2018, mabwawa matano madogo ya udongo katika bonde jirani la Coon Creek na kwenye tawi la magharibi la Kickapoo, yaliyojengwa katika karne ya 20 ili kuzuia mafuriko, yalibomoka, na maji yaliyozuiliwa yakaachiliwa kwa pamoja. Bwawa la La Farge lingekuwa kubwa na imara kuliko hayo, hilo ni kweli. Hata hivyo lingedhibiti maji ya juu yake tu, ilhali matawi makubwa yanaingia mtoni chini ya pale. Na Coon Creek ina fundisho lake la zamani: mwaka 1933 huko ndiko serikali ilikoanzisha mradi wake wa kwanza wa kuhifadhi udongo kwa bonde zima, mashamba yakilimwa kwa mistari inayofuata kontua na vichwa vya miteremko vikiachiwa miti. Mistari ile ya kijani na dhahabu ambayo waendesha baiskeli huipiga picha ni kinga ya mafuriko. Ilichorwa na vijana wa kambi za kazi na wakulima waliokubali kubadili namna ya kulima.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba historia ya kupoteza ardhi katika bonde ilianza na bwawa. Haikuanza hapo. Wa-Ho-Chunk waliishi katika nchi hii kabla ya ngano na kabla ya ng'ombe. Mkataba wa 1837, ambao viongozi wao waliulalamikia kuwa wa hila, uliwanyang'anya ardhi yote iliyobaki mashariki mwa Mto Mississippi, na kwa miongo iliyofuata askari waliwakusanya na kuwapeleka magharibi mara kadhaa, na mara kadhaa wakarudi kwa miguu. Kwenye ekari za bwawa lililoshindikana yalipatikana mamia ya maeneo ya kale: makazi, mahali pa kujikinga chini ya miamba, makaburi. Ndiyo sababu makubaliano ya miaka ya 1990 yaliwapa takriban ekari 1,200, na ardhi yote iliyobaki ikaongozwa na bodi inayojumuisha wakazi wa bonde pamoja na wajumbe waliopendekezwa na Wa-Ho-Chunk. Kwangu huu ndio ushahidi bora kwamba historia si pambo. Ilikuwa rahisi kuifanya ardhi hii kuwa hifadhi ya jimbo kama nyingine na kuisimamia kutoka mji mkuu wa Madison. Badala yake waliopoteza, wa zamani na wa karibuni, walipewa viti mezani, kwa sababu kuna watu waliosisitiza kukumbuka nani alitoka wapi.

Swali la leo ni la lami. Ng'ombe waliozileta barabara wanaondoka. Mwaka 2004 Wisconsin ilikuwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa zaidi ya 15,000. Miaka ishirini baadaye yalikuwa chini ya 6,000, na maziwa mengi yanatoka kwenye mashamba makubwa ya maeneo ya tambarare. Bonde la Kickapoo limestahimili kuliko mengine kwa njia zake. Mwaka 1988 wakulima wachache wa eneo hilo walianzisha ushirika wa mazao ya kilimo hai ambao leo unajulikana kama Organic Valley, wenye makao makuu La Farge, na Waamish walioanza kuhamia wilaya ya Vernon katika miaka ya 1960 wamenunua mashamba madogo ambayo wengine waliyaacha. Magari yao ya farasi ndiyo msafara ambao mwendesha baiskeli hukutana nao zaidi. Lakini kata yenye mashamba yanayopungua ina hesabu ngumu. Baridi hupasua lami hata kama hapiti mtu. Baadhi husema wageni wa baiskeli watalijaza pengo, na ni kweli kwamba wanalala, wanakula na wananunua jibini. Fedha hizo, hata hivyo, huishia kwenye nyumba za wageni na migahawa ya mjini, wakati barabara inatunzwa na baraza la kata lililo kilomita 15 kutoka mgahawa ulio karibu zaidi, kwa kodi ya ardhi ya wenye mashamba. Kwenye njia ya Elroy hadi Sparta, kila mwendesha baiskeli mwenye miaka 16 na zaidi hulipa pasi ya jimbo, na hakuna anayeona ni dhuluma. Kwa barabara za kata hakuna utaratibu wa namna hiyo, wala sidhani kuwatoza watu kwenye njia panda ni jambo la busara. Kilicho ndani ya uwezo ni jimbo kuongeza ruzuku kwa kata ambazo barabara zake zinatumiwa na wageni wengi kuliko wenyeji, na vyama vya baiskeli kulidai hilo kwa nguvu ile ile ambayo watangulizi wao walidai barabara zijengwe. Dorner aliwaambia wakulima wa miaka ya 1890 kwamba si haki wabebe peke yao gharama ya njia inayotumiwa na wote. Wajukuu wa wakulima hao wanayo haki ya kuisikia tena hoja hiyo, safari hii ikiwa na fedha ndani yake.